Ngoma ya Khalfan Siku Aliyotushukuru Kamanda

Marahaba, wanangu. Vijana wa bendi ya skuli hapa Ibra walinijia juzi na matarumbeta yao mapya, wakaniuliza vipi mtu anapiga nje juani bila ya sauti kumkimbia. Niliwajibu kwa mkato kwa sababu adhana ilikuwa imekaribia. Jawabu yenyewe ni ndefu, nami nimekaa kuwaandikia. Nyinyi wengine msiopuliza chochote someni pia, hamtopata hasara.

Mie nilipuliza tarumbeta katika bendi ya jeshi la Oman tangu ujanani mpaka ndevu zikaota mvi. Kambi yetu ilikuwa nje ya Nizwa, upande wa Firq, huko ambako siku hizi mnapeleka magari yenu gereji. Wakati ule hakukuwa na gereji wala lami ya kusifiwa. Kulikuwa na vumbi, mitende kwa mbali, na sisi.

Jueni kwanza kuwa tarumbeta ni shaba, na shaba inasikia joto kuliko nyinyi. Ukiiwacha juani sauti yake inapanda. Wewe unadhani unapiga ile ile uliyofundishwa, kumbe umeshapaa juu ya wenzako, na wenye zumari nao wamepanda kwa kiasi chao, bendi nzima inakuwa kama watu wanaogombana. Dawa yake ni kukivuta nje kile kipande cha bomba kinachotoka, kidogo tu, kisha usikilize. Usivute kwa kubahatisha. Sikiliza, vuta, sikiliza tena. Na kile kikombe cha mdomoni kichomoe ukitie mfukoni ndani ya kitambaa mpaka wakati wa kupiga. Gwaride langu la kwanza sikulijua hilo. Niliiweka tarumbeta juu ya jiwe nikaenda kunywa maji, na nilipoirudisha mdomoni mdomo ukaungua ukavimba. Nilipiga kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu anayenong'oneza siri.

Na halwa msile kabla ya kupiga. Idi moja tuliletewa halwa ya Nizwa, bado ya moto, tukaila kwa vidole, tukanawa kwa haraka, tukakimbilia uwanjani. Katikati ya wimbo vitufe vyangu vyote vitatu vikaganda. Nikawa napiga sauti moja tu, kama mbuzi aliyefungwa peke yake, na mkuu wa mkoa amesimama mbele yangu kwa heshima zote.

Aliyenifunza kazi ni Ustadh Murad, kiongozi wa bendi yetu, Mbaluchi mfupi mwenye sauti nzito. Kiarabu chake kilikuwa kimechanganyika na Kibaluchi, na changu kilikuwa cha chuoni tu, kile cha kusomea Kurani. Nilizaliwa Unguja, na nilipofika Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikiingia dukani Nizwa nikiomba sukari kwa lafudhi ya msomaji wa msikitini. Muuza duka alikuwa akiwaita majirani waje wanisikilize. Basi Ustadh hakujisumbua na maneno. Alitufunza kwa kuimba kwa mdomo, pa-pa-raam, nasi tunamfuata. Alipotaka kukwambia umekosea alikuwa anafumba macho tu. Akifumba macho, unajua.

Ngoma kubwa ilikuwa ya Khalfan. Khalfan ni mtoto wa ami yangu, tulikuja pamoja kutoka Unguja na tukaandikwa jeshini asubuhi moja. Watu wakiitazama bendi wanawatazama wenye matarumbeta, kwa sababu tunang'ara. Lakini askari anayekwenda gwaride hatusikii sisi. Anaisikia ngoma kubwa, tena anaisikia kwa unyayo. Sisi tukikosea inakuwa aibu yetu peke yetu. Mwenye ngoma kubwa akikosea, jeshi zima linajikwaa. Khalfan hakuwahi kukosea. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini akishika mkwiro, yaani kile kirungu cha kupigia, uso wake unatulia kama wa mtu anayesali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Vita vikitokea, askari wa bendi hapelekwi kupiga muziki. Ala zinafungiwa kabatini, na yeye anapewa machela ya kubebea majeruhi. Ndivyo tulivyopelekwa kusini, katika milima ya Dhofar, wakati Waomani kwa Waomani walipokuwa wakipigana huko. Sitawasimulia vita vyenyewe. Nitawaambia tu kuhusu machela, kwa sababu na hiyo ni kazi nayo ina ufundi wake. Sisi wa bendi tumefunzwa kwenda hatua moja, guu la kushoto pamoja, la kulia pamoja. Kwenye machela ukifanya hivyo majeruhi anabembea kama yumo ndani ya mtumbwi, na kila mbembeo ni maumivu. Lazima wabebaji wavunje hatua, wa mbele akitia la kushoto wa nyuma atie la kulia. Ilituchukua muda kukisahau tulichofunzwa kwa fimbo.

Khalfan alijeruhiwa katika njia ya mlimani, msimu wa ukungu, wakati milima ile inapokuwa ya kijani na huoni mbele yako. Aliinama kumvuta askari aliyeanguka, na mkono wake wa kulia ukagusa bomu lililotegwa chini. Uliondoka kuanzia chini ya kiwiko. Yule askari aliyekuwa akimvuta hakupata hata mkwaruzo.

Mwenzangu wa machela alikuwa amekwenda na majeruhi mwengine, nikabaki peke yangu na Khalfan aliyezimia. Aliyekuja akashika upande wa pili ni mwongozaji wetu, mtu wa milima ile, jina lake Musallam. Alikuwa amepigana upande wa maadui zetu miaka kadhaa, kisha akateremka na bunduki yake, akasalimu amri, na sasa alikuwa akitulipa kwa kutuonesha njia. Wengi wetu tulikuwa tunakwenda nyuma yake huku tukiuangalia mgongo wake. Siku ile alibeba machela kwenye mawe makavu na mawe ya utelezi mpaka bondeni kwenye helikopta, na hakuna aliyemfunza kuvunja hatua, alivunja mwenyewe. Alipomaliza aliniuliza jina la majeruhi. Nikamwambia. Akalirudia taratibu, Khalfan, kama mtu anayetaka kulihifadhi.

Vita vikaisha. Tukarudi Nizwa, watu wakatupokea kwa tende na kahawa barabarani, na kamanda wetu akatangaza gwaride la kuwashukuru askari.

Kamanda huyu tulimwita Kamanda Nasir. Na yeye alikuwa mtoto wa Unguja, mamake alikuwa akizungumza Kiswahili tupu. Lakini kambini hakuwahi kutuzungumzisha kwa lugha hiyo hata mara moja. Ilikuwa Kiarabu tu, asije mtu akasema anapendelea watu wake. Sisi tuliotoka Afrika tulikuwa tunasikitika kwa hilo, tukimwona anajitenga. Baadaye nilipokuwa na watu chini yangu nilimfahamu.

Musallam na wenzake wachache walioteremka kama yeye waliletwa kambini kwetu. Hawakutukanwa, amri ilikuwa wazi. Lakini wakikaa kunywa chai, walioko karibu wanakumbuka kazi fulani na wanaondoka. Ustadh Murad hakuwa na habari na mambo hayo. Siku moja alimsikia Musallam akipiga debe la maji huku akisubiri lijae, akasimama akamsikiliza mpaka debe likafurika. Ngoma kubwa yetu ilikuwa haina mtu. Ustadh akamwita.

Shida ni kuwa mapigo ya nyimbo zetu hayakuandikwa popote, yalikuwa kichwani mwa Khalfan. Na Khalfan ndiyo kwanza ametoka hospitali, mkono wa shati umekunjwa umetiwa pini, na mizaha yote imemwisha. Ustadh alimwendea akamwomba amfunze yule mtu. Khalfan alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kazi nyengine yoyote atafanya, hata kufagia, ila hiyo hapana.

Mie nilijaribu kumlainisha. Nilimkumbusha nani aliyembeba.

"Kanibeba, sikatai," Khalfan aliniambia. "Na nani katega? Watu wake au watu wangu?"

Nikaondoka.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa chumba cha bendi natia mafuta vitufe vya tarumbeta yangu, na Khalfan amekaa karibu na dirisha. Musallam akaingia. Hakusubiri kukaribishwa, alikaa chini mbele ya Khalfan. Kiarabu chao wote wawili kilikuwa cha kuchekwa, kimoja cha Unguja na kimoja cha milimani, na nadhani ndiyo maana walizungumza polepole, kila mmoja akihakikisha mwenzake amefahamu.

Khalfan alimuuliza moja kwa moja. "Lile bomu ulilitega wewe?"

Niliacha kutia mafuta.

"Sijui," Musallam alisema. "Kabla sijateremka nilitega katika njia ile. Wenzangu nao walitega. Sijui lipi lilikuwa lipi. Ningejua ningekwambia."

Nilitegemea Khalfan atasimama atoke, au afanye jambo baya zaidi. Alikaa anaitazama pini ya mkono wa shati yake. Musallam hakuomba msamaha kwa maneno mengi, wala hakujitetea kuwa alikuwa kijana, au kwamba alidanganywa. Alikaa tu, kichwa chini, anasubiri lolote litakalokuja.

"Ungeniambia si wewe, nisingekuamini maisha," Khalfan alisema mwishowe. "Lete ile ngoma."

Mafunzo yalikuwa vituko. Musallam alikuwa na mkono mzuri kabisa, lakini mkono wa ngoma za kwao, za kucheza kwa mabega. Ukimwachia nafasi ndogo tu anatia mdundo wa ziada katikati, mdundo mzuri ukweli, unaokufanya utake kutingishika. Khalfan alikuwa akipiga meza kwa mkono wa kushoto na kumwambia askari hawatingishiki, askari wanakwenda. Siku moja mdundo wa ziada ulimtoka Musallam tukiwa tunajaribu uwanjani, na koplo mmoja mnene aliyekuwa anapita zake akaruka hatua kama aliyeona nyoka. Khalfan akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu tumshushe mlimani sikuwa nimemsikia akicheka. Ustadh Murad aligeuka akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Siku ya gwaride ilifika. Kambi ilipakwa chokaa, mawe ya njiani nayo yakapakwa chokaa, mpaka tukawa tunaogopa kusimama tusije tukapakwa sisi. Askari walijipanga, na majeruhi waliwekewa viti kivulini pembeni, Khalfan akiwa miongoni mwao. Kamanda alipanda jukwaani na karatasi yake.

Alisoma mistari ya mwanzo kwa Kiarabu kikubwa, cha ushindi na taifa. Kisha akaikunja karatasi. Akaanza kuwashukuru watu kwa kazi zao. Aliwashukuru madereva waliopandisha maji kwenye njia ambazo mbuzi anazikataa. Aliwashukuru wapishi waliooka mkate mvua ikiwanyeshea. Aliwashukuru wachimbaji wa mahandaki, mafundi wa redio, na wabebaji wa machela, akasema wabebaji hawakupiga risasi hata moja na hakuna aliyekaribia mauti kuliko wao. Aliwataja waliokufa, mmoja mmoja kwa majina ya baba zao, bila ya kuangalia popote. Uwanja mzima hukusikia hata kikohozi. Nilikuwa nimeishika tarumbeta kwapani kuilinda na jua.

Kisha akasema hivi, na haya nayakumbuka kama alivyoyasema.

"Mmeshinda, na nawashukuru. Lakini ndugu zenu walioteremka mlimani wamesimama hapa na nyinyi leo, na bado nasikia watu wakisema 'wale'. Sitaki kulisikia tena neno hilo. Mimi sitohesabu kuwa tumeshinda mpaka lipotee midomoni mwenu."

Hapo ukimya ukageuka. Nyinyi mtafahamu mkija kusimama mbele ya watu, ukimya una aina zake. Huu ulikuwa wa watu walioambiwa jambo wasilolitaka. Macho mengi yakahamia kwetu, kwenye bendi, kwa Musallam na ile ngoma kubwa kifuani mwake.

Ikatolewa amri ya kupita. Ustadh akanyanyua mkono. Tukaanza, na vikosi vikaanza kutembea. Mwanzo ulikuwa mzuri. Lakini macho yale yalimlemea Musallam, na mkono wake ukaanza kukimbia. Ngoma ikaharakisha, askari wa mbele wakaharakisha, wa nyuma wakabaki, safu zikaanza kupinda mbele ya jukwaa. Ustadh alifumba macho. Sisi wenye kupuliza hatukuwa na la kufanya, kwani hakuna tarumbeta inayoweza kuishika ngoma iliyokwishakimbia. Nilimwona sajini mmoja akitabasamu, tabasamu la mtu anayesema sikuwaambieni.

Khalfan aliinuka kwenye kiti chake. Alitoka kivulini, akakata uwanja mbele ya jukwaa na mbele ya wakubwa wote bila ya ruhusa ya mtu, akaja mpaka kwenye bendi, akasimama nyuma ya Musallam. Akauweka mkono wake wa kushoto mgongoni mwake, akaanza kumpigia. Kofi baada ya kofi, mgongoni, taratibu, hatua ya askari. Sikuisikia sauti yake, nilimwona tu. Musallam alishusha mabega. Ngoma ikapungua mbio, ikatulia, ikakaa mahali pake. Safu zikanyooka. Vikosi vyote vilivyobaki vilipita vikitazama kulia kwa kamanda kama ilivyo desturi, na njiani vikawapitia wale wawili, mmoja anapiga ngoma na mmoja anampiga mgongo.

Tulipomaliza kamanda aliteremka akaja upande wetu. Kuvuka uwanja gwarideni bila ya ruhusa ni kosa, na tulikuwa tunalijua. Khalfan alisimama wima akataka kutoa saluti, mkono mzima ukaanza kupanda, akakumbuka kuwa wa kushoto hautoi saluti, akaushusha. Hakujua aufanye nini. Kamanda akauchukua ule mkono mwengine, uliokatika, akaushika kwa mikono yake miwili, akamwamkia kwa huo huo kama unavyomwamkia mtu kwa mkono mzima. Akamzungumzisha kwa Kiswahili, Kiswahili cha Unguja mjini, mbele ya jeshi zima.

"Khalfan, nimesema maneno mengi pale juu. Ingenitosha uje wewe tu."

"Nisamehe, sidi, nimekata uwanja," alisema Khalfan.

"Umekata. Sasa mchukue mwenzio mkale."

Tulikula wali na nyama ya mbuzi, na bendi tulikuwa na sinia letu, na Musallam alikuwemo. Nisiwadanganye kuwa kambi nzima ilibadilika alasiri ile. Yule sajini alistaafu bila ya kumwamkia Musallam hata mara moja. Lakini siku za baadaye niliona watu wakikaa wakimaliza chai yao, hawakumbuki tena kazi za uongo. Lile neno 'wale' lilipungua, kisha ikawa ukilisikia linakushitua. Mambo yanakwenda hivyo, taratibu, mtu baada ya mtu.

Musallam aliipiga ngoma kubwa miaka mingi. Khalfan alipewa kazi ya kufunza ngoma, na kila mpigaji aliyepita bendi ile alipigwa makofi ya mgongo mpaka akaifahamu hatua. Jaribuni na nyinyi, msicheke. Anayeharakisha hawezi kuisikia ngoma yake mwenyewe, lakini mgongo wake unasikia. Khalfan alipooa kwa watu wa mji wa Samad Ash Shan, Musallam alikuja na jamaa zake kutoka kusini, safari ya kuvunja mifupa, na harusini alipiga mdundo wake wa mabega alivyotaka, kwani hapakuwa na askari wa kuharibikiwa hatua.

Katika miaka ya themanini tulialikwa mji wa Sur kwenye sherehe. Asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya skuli tukivaa tayari kuingia uwanjani, na Khalfan alikuwa akipambana na viatu. Alikuwa amejifunza kuzifunga kamba kwa mkono mmoja na meno, lakini viatu vilikuwa vipya na kamba ngumu. Musallam alimtazama. Sijui kwa nini alichagua wakati ule, baada ya miaka yote ile. Alimuuliza kama bado anafikiria nani aliyelitega lile bomu.

"Nafikiria kila asubuhi nikivaa viatu," Khalfan alimjibu, bila ya hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Nikishavaa nasahau."

Musallam aliiweka ngoma pembeni, akapiga goti, akaushika mguu wa mwenzake akamfunga kamba, kisha ule wa pili. Khalfan alimwacha. Alisimama, akajaribu hatua mbili tatu pale barazani.

"Cha kushoto umekikaza mno," alimwambia. "Legeza kidogo."

Musallam akainama tena akakilegeza, na Ustadh akatuita tuingie.